Uzi maalum: Kuanza trialsi ukiwa mgeni kabisa (pikipiki ipi, upepo kiasi gani, mazoezi yapi kwanza)

#1 KlachiNusu

Wakuu, habari za wakati huu. Maswali ya trialsi yamekuwa yakidondoka kwenye nyuzi za motokrosi (mbio za pikipiki za nje ya lami) na kujibiwa na watu wa motokrosi, ndiyo maana mtu anaambiwa aongeze mwendo mahali ambapo dawa ni kupunguza. Tuyakusanye hapa.

Trialsi si mbio. Unapewa kipande cha njia kilichozungushiwa utepe, chenye mawe, mizizi, magogo, pengine kijito na kingo za udongo, upite kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuweka mguu chini. Ukigusa chini mara moja ni pointi 1, mara mbili ni 2, mara tatu na kuendelea ni 3, hata ukipiga makasia kwa miguu mpaka mwisho. Ukianguka, ukirudi nyuma, ukitoka nje ya utepe, au injini ikizima huku mguu uko chini, ni 5. Mwenye pointi chache ndiye mshindi. Kwenye vilabu vya Uingereza utaratibu wa kawaida ni vipande 10 kwa mizunguko 4, yaani majaribio 40 kwa siku moja.

Pikipiki yake ina kilo 65 hadi 75, haina kiti kwa sababu muda wote umesimama, tangi ni la lita 2 hadi 3, giya ya kwanza ni fupi sana na usukani unakata kona mpaka karibu unakunja mkono kifuani. Majina utakayokutana nayo ni Beta ya Italia, GasGas, TRS, Vertigo na Montesa za Hispania, Sherco, na Scorpa ya Ufaransa. Montesa Cota 4RT ina injini ya mipigo minne (four-stroke) na haina kabureta. Nyingi kati ya zilizobaki ni za mipigo miwili (two-stroke).

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kubisha abishe: mwezi wa kwanza usiguse jiwe. Uwanja tambarare, klachi na balansi. Wageni wengi wanakimbilia mawe kwa sababu ndiyo wanayoyaona kwenye video za Toni Bou, halafu wanavunja klachi, kidole au moyo. Bou amekuwa bingwa wa dunia wa trialsi za nje na za ukumbini kila mwaka kuanzia 2007 hadi 2024. Si wa kumuiga wiki ya pili.

#2 Mtu_wa_Leeds

Siti ya mbele kabisa. Mkuu, naishi Leeds, kilo 82, uzoefu wangu ni bodaboda tu. Wauzaji wananiambia nianze na cc 125 kwa kuwa ni mgeni. Ni kweli? Na nikienda kukagua ya mtumba niangalie nini?

#3 BiSpana

Mkuu wa Leeds, 125 ni ya kijana wa kilo 50 au 60. Mtu wa kilo 82 akiwa juu ya 125 inabidi apige resi kubwa ndipo apande kitu, na resi kubwa pamoja na mkono usiozoea ndiyo hatari yenyewe. Ya 250 inabeba kutoka chini kabisa, unapanda ukingo injini ikiwa imetulia. Usipande hadi 280 au 300 kwa sasa, zinakurupuka.

Ya mtumba ikague hivi, na usione haya kulala chini.

Iinue juu ya stendi ya gereji au kreti, shika tairi la nyuma ulitikise juu na chini. Ukisikia "tok" kabla shokapu halijaanza kufanya kazi, beringi na bushi za mkono wa shokapu zimekwisha. Ndilo eneo linalosahaulika kuliko yote kwa sababu liko chini kabisa, linakula maji na matope. Spea zake si ghali sana, ila pini zikigandia kutu kazi ni ya siku nzima. Tikisa tairi upande kwa upande: hapo unapima beringi za gurudumu na za mkono wa nyuma. Mbele vivyo hivyo, kisha zungusha usukani polepole ukiwa umeinua gurudumu. Ukikwama katikati kama unaingia kwenye tundu, beringi za shingo zimechimbika.

Bamba la chini la aluminiamu lazima litakuwa limebonyea, hilo si kosa. Kosa ni likiwa limebonyea mpaka linagusa injini, maana kila kishindo sasa kinaingia kwenye kasha la injini moja kwa moja. Lifungue kama mwenye mali anaruhusu, tafuta ufa.

Rimu ya nyuma: tairi la nyuma halina tyubu, kwa hiyo angalia kama kuna povu la gundi au silikoni kwenye spoki. Ukiiona, ujue upepo ulikuwa unavuja na mtu ameziba kienyeji.

Mwisho washa. Injini ikiwa ya baridi, shika klachi, tia giya ya kwanza. Ikisogea kidogo ni kawaida. Ikiwa ya moto na bado inavuta kama inataka kuondoka, klachi ina kazi. Halafu sikiliza pistoni: mlio wa kama kijiko ndani ya kikombe unaokufa injini ikipata moto unavumilika, usiokufa ni pesa.

Kwa Uingereza, Beta Evo au GasGas TXT ya miaka kumi hivi, iliyotunzwa, bei yake inacheza takriban pauni 1,800 hadi 3,000. Mpya ni zaidi ya 5,000. Mgeni ataiangusha mara ishirini kwa siku, sasa ya mpya ya nini?

#4 Gogo la Mninga

Dada BiSpana umesema vyema, ila kwenye ukubwa wa injini naongeza kitu. Kuna Beta Evo 200, watu wanaipita kwa sababu haina jina kubwa. Ina fremu ileile ya 250, nguvu inakuja taratibu bila kushtua, na bado inambeba mtu mzima. Kwa mtu wa kilo 82 anayeanza ningemtafutia hiyo kwanza, akiikosa ndipo 250.

Na ukipata 250 kali usiiuze. Akseleta hizi zina bomba la plastiki ambalo waya unajizungusha juu yake. Lipo la haraka na lipo la taratibu. Badilisha uweke la taratibu, kazi ya dakika kumi, bei ndogo. Wengine wanaongeza pia pete ya uzito kwenye flaiwili (gurudumu zito linalozunguka ndani ya injini) ili injini isizime ovyo na isipande resi ghafla. Vitu hivyo viwili vinageuza pikipiki kabisa.

Kwa wanaopenda historia: zamani Waingereza walicheza hii kwa pikipiki nzito za mipigo minne. Sammy Miller alikuwa akishinda kwa Ariel ya cc 500 aliyoichonga mpaka ikapungua uzito, kisha akahamia Bultaco ya Hispania, ya mipigo miwili, na 1965 akashinda nayo mashindano ya siku sita ya Scotland. Kuanzia hapo nzito zikakosa pa kujificha. Uzito ndio adui wa kwanza katika mchezo huu, nguvu inafuata mbali.

#5 KlachiNusu

200 naikubali, sina ubishi.

Sasa umeshainunua. Kabla ya kuendesha ipange iendane na mwili wako, maana pikipiki iliyopangwa vibaya inakufundisha tabia mbaya.

*Mikono ya klachi na breki.* Unatumia kidole kimoja tu, cha shahada, kila upande. Vidole vitatu vilivyobaki na gumba vinashika usukani. Kwa hiyo sogeza vishikizo vya klachi na breki ndani, kuelekea katikati ya usukani, mpaka kidole kikae kwenye ncha kabisa ya mkono wa klachi, pale penye kitufe cha mviringo. Ukivuta karibu na mzizi unahitaji nguvu mara mbili na baada ya nusu saa kiganja kinakakamaa. Viinamishe chini kiasi kwamba ukisimama na mkono ukinyooka, kidole kiendelee na mstari wa mkono bila kukunja kifundo.

Usifunge nati zake kwa nguvu zote. Ziache zishike tu, ili pikipiki ikianguka kishikizo kizunguke badala ya kuvunjika.

*Usukani.* Usimame sambamba na foku au uelekee mbele kidogo. Ukiuvuta nyuma unapata raha ya dakika tano, halafu kwenye kona kali unakugonga magotini.

*Matairi.* Mbele 2.75-21 lenye tyubu, nyuma 4.00-18 lisilo na tyubu. Upepo: nyuma psi 4 hadi 5, mbele psi 6 au pungufu kidogo. Hapana, sijakosea kuandika.

*Kamba ya kuzimia.* Ile ya sumaku inayofungwa kwenye kifundo cha mkono. Ukitengana na pikipiki, injini inazima. Bila hiyo usiwashe.

#6 Mtu_wa_Leeds

Psi 4? Baiskeli ya mwanangu ina 30. Tairi halitoki kwenye rimu?

#7 BiSpana

Halitoki, kwa sababu mbili. Rimu ya nyuma ina mfereji unaobana ukingo wa tairi, na wewe hauendi kasi ya kulilazimisha kutoka. Tairi hili limetengenezwa na mbavu laini makusudi: likiwa na upepo mdogo linajikunja kulizunguka jiwe kama kiganja, eneo linaloshika linaongezeka. Likiwa na psi 10 linadunda juu ya jiwe lilelile na kuteleza.

Kosa linalojirudia ni kipimo. Geji ya kituo cha mafuta inasoma hadi psi 100 na zaidi, sasa 4 na 7 kwake ni kitu kimoja. Nunua geji ya kuishia psi 15. Pima asubuhi tairi likiwa la baridi, kwa sababu likikaa juani psi 4 inaweza kusogea hadi 5 bila wewe kugusa kitu.

Kushuka chini ya 4 mtu wa kilo 82 asijaribu: rimu itagonga jiwe na kupinda. Na ukitoka uwanjani kwenda kwenye lami hata kilomita mbili, jaza kwanza, la sivyo mbavu zinachemka.

Jambo moja la kuokoa pesa: tairi la nyuma linashika kwa kona kali za vinundu vyake vya raba. Kona za upande wa mbele zikilika, lifungue uligeuze. Upande wa pili bado ni mkali.

#8 KlachiNusu

Mazoezi sasa. Nayapanga kwa mfuatano, si kwa siku, maana kila mtu na kasi yake.

Kwanza kusimama. Nyayo juu ya vikanyagio, uzito uwe kwenye sehemu ya mbele ya nyayo au katikati, kamwe si kisigino. Magoti yamelegea, makalio nyuma kidogo, viwiko nje, kichwa juu, macho mita 3 au 4 mbele. Ukishika usukani kwa nguvu umeshakosea. Uzito wote uko miguuni, mikono inaelekeza tu.

Balansi, injini imezimwa. Sogeza gurudumu la mbele liguse ukuta au ukingo wa njia, kata usukani wote kushoto, panda, simama. Ukianza kuangukia kushoto, bonyeza kikanyagio cha kulia. Usijiokoe kwa kuvuta usukani. Dakika kumi kila siku, nyumbani, hata jikoni kama mwenzako hana neno. Ukifika sekunde 30, ondoka ukutani ufanye bila kuegemea. Upande wa kulia pia ufanye, na utaona haya: kila mtu ana upande mmoja mbovu.

Mwendo wa konokono. Giya ya kwanza, akseleta usiguse kabisa, injini kwa mlio wake wa kupumua. Weka alama mbili umbali wa mita 10. Pita kwa sekunde 10, halafu 15, halafu 20, ukitumia klachi tu: unaiachia inapoanza kushika, unaivuta kabla haijamaliza. Hapo ndipo jina langu lilipotoka. Klachi ya pikipiki hizi inaogelea kwenye oili, haiogopi kusuguliwa nusu namna hii.

Duara na namba nane. Makopo mawili, umbali wa mita 5, zunguka kwa namba nane. Kila siku yasogeze karibu mpaka usukani ugonge mwisho wake. Hapa ndipo wengi wanaanguka na sababu ni moja: wanalala pamoja na pikipiki kama wako barabarani. Kwenye trialsi pikipiki inalala ndani, mwili unabaki nje. Sukuma nyonga nje ya kona, uzito wote kwenye kikanyagio cha nje, mkono wa nje unanyooka, kiwiko cha ndani kinakunjika. Kichwa kitazame unakotokea, si gurudumu la mbele.

Mteremko wa ubavu. Tafuta kilima kidogo cha majani, kata ubavuni. Uzito kwenye kikanyagio cha upande wa chini. Akili itakwambia uegemee kilima. Usiisikilize, ukiegemea, matairi yanateleza kushuka chini yako.

Ukiweza hivi vyote bila mguu kugusa, ndipo tuzungumze magogo.

#9 Gogo la Mninga

Hapo kwenye mwendo wa konokono nina neno, mkuu. Klachi nusu muda wote inamfundisha mgeni kuitegemea kupita kiasi. Mtu anafika kwenye matope, anasugua klachi, gurudumu linazunguka bure. Kwenye matope na mizizi mibichi yafaa giya ya pili, klachi umeachia yote, moto (yaani akseleta) kidogo sana, mwendo mmoja bila kubadilika. Giya ya pili inapunguza nguvu inayofika kwenye tairi ndiyo maana haitelezi. Ya kwanza ni kwa kona kali na mawe makavu.

#10 KlachiNusu

Ni kweli na nisingeliacha. Ila mgeni asiyejua pale klachi inapoanza kushika hawezi kuiachia kwa ulaini hata hiyo mara moja ya kuingia kwenye matope. Aanze na ya kwanza, akishika, afanye mazoezi yaleyale kwa ya pili.

#11 BiSpana

Naingiza habari za oili, maana naona mtu ataua injini kabla hajafika kwenye gogo.

Mipigo miwili: petroli inachanganywa na oili safi ya sintetiki ya mipigo miwili. Asilimia 1.5 ni mililita 15 kwa kila lita, yaani galoni yako ndogo ya lita 5 inachukua mililita 75. Asilimia 2 ni mililita 100 kwa lita 5. Kwa Beta fuata 1.5, kwa nyingine soma kitabu chake. Pima kwa bomba la sindano la duka la dawa au kikombe chenye alama, usikadirie kwa kifuniko. Oili ikizidi haikupi ulinzi zaidi: plagi inachafuka, ekzosi inajaa masizi, pikipiki inakohoa ukitoka chini. Ikipungua, pistoni inashika. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi usitie, tumia kuoshea cheni.

Oili ya giya ni nyepesi sana na inagusa klachi pia. Ukiweka nzito ya gari, klachi inanata asubuhi na pikipiki inaruka mbele ukitia giya. Badilisha mapema, hasa ukipita majini; ikitoka rangi ya maziwa, maji yameingia.

Sasa sikilizeni hili: klachi inavutwa kwa mafuta kama breki, lakini mafuta yake si lazima yawe yaleyale. Kuna klachi zinazotumia mafuta ya madini na kuna za DOT 4 (mafuta ya breki ya kawaida). Ukichanganya, raba zinavimba na klachi haivutiki tena. Soma maandishi kwenye kifuniko cha chupa yake. Kikiwa kimebadilishwa na hakina maandishi, tafuta kitabu cha pikipiki kabla ya kumimina tone.

Klachi za Beta Evo zinajulikana kwa kunata zikiwa baridi. Dawa ya kila siku: kabla ya kupiga kiki tia giya, vuta klachi, isukume mbele na nyuma mpaka sahani ziachane, kisha rudisha nyutro. Dawa ya kudumu ni kufungua klachi na kukwangua gundi iliyozidi kwenye kingo za sahani.

Filta ya hewa ni sponji. Ioshe, ikauke kabisa, ipake oili ya filta, ikamue. Sponji kavu inapitisha vumbi hadi kwenye silinda.

#12 MwanaNgong

Wadau, niko Kajiado. Hizi mashini huku ni nadra. Naeza anza na Boxer ya boda nitoe kiti? Na nikiagiza ya kabureta kutoka Ulaya, itasumbua huku juu?

#13 BiSpana

Karibu ndugu. Boxer kwa balansi na mwendo wa konokono utajifunza kitu, na duara kubwa pia. Zaidi ya hapo itakuumiza. Ina zaidi ya kilo 100, usukani haukati vya kutosha, chini kuna ekzosi na injini isiyo na bamba, na vikanyagio viko mbele mno kwa mtu aliyesimama. Afadhali baiskeli ya mlima: shusha kiti mpaka chini, breki nzuri, fanya kusimama palepale, namba nane na kuinua gurudumu la mbele kwenye ukingo. Balansi ya miguu na macho inahamia kwenye pikipiki yote.

Kuhusu mwinuko: injini isiyo na taibo inapoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Ukiwa kwenye mita 1,700 na zaidi, kabureta iliyopangwa kwa usawa wa bahari inatoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo: moshi, plagi nyeusi yenye unyevu, injini inazimika ukishuka mlima. Punguza jeti kubwa (tundu la petroli ndani ya kabureta) hatua moja au mbili, shusha sindano kwa kupandisha kipini chake tundu moja, kisha rekebisha skrubu ya hewa injini ikiwa ya moto. Ukirudi Mombasa nayo, rudisha jeti za zamani kabla ya kuvuta moto mrefu, la sivyo mchanganyiko unakuwa mkavu na pistoni inachemka.

Kwa kupungua huko kwa nguvu, huku juu 250 ndiyo yako, ile 200 waachie wa pwani.

#14 KlachiNusu

Sasa kupanda gogo, kama nilivyoahidi. Chagua la kipenyo cha sentimita 20 hadi 25, lichimbie kidogo au liwekee kabari lisizunguke. Likae mraba na njia yako, yaani ulifikie kwa pembe sawa pande zote. Ukilikuta kwa mshazari gurudumu la mbele linapanda na la nyuma linateleza kando.

Giya ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea. Likibaki kama mita moja, kunja magoti, foku zibonyee. Unaponyooka, piga resi fupi na klachi iachie kwa pamoja: gurudumu la mbele linanyanyuka. Halivutwi kwa mikono. Mikono imenyooka, miguu na injini ndivyo vinavyonyanyua. Liguse juu ya gogo au lipite juu kabisa.

Hapohapo funga moto na uvute klachi. Hapa ndipo pabaya, nitapasema mara mbili: gurudumu la nyuma linapogusa gogo, moto uwe umefungwa. Ukiwa bado unavuta, linazunguka juu ya ganda na kukutupa ubavuni, au linapiga teke na kukurusha mbele. Mwendo ulionao unatosha. Wakati la nyuma linapanda, magoti yakunjike pikipiki ije juu kwako, kana kwamba unaruka kidogo bila kutoka kwenye vikanyagio.

Gogo la nusu mita ni resi mbili. Ya kwanza inanyanyua gurudumu la mbele ligonge theluthi ya juu ya gogo, foku zinabonyea. Zinaporudi juu unapiga ya pili, na ndiyo inayosukuma la nyuma. Ukiwahi, unakita bamba la chini na kubaki unaning'inia kama mizani. Ukichelewa, pikipiki imeshasimama. Usijaribu kabla ya kupanda lile la sentimita 25 mara kumi mfululizo bila mguu.

Tatizo jingine la wageni: wakishtuka wanarudi nyuma, mikono inavutwa, na akseleta inavutwa pamoja nayo. Pikipiki inakimbia zaidi, wao wanashtuka zaidi. Kinga ni kidole kisichotoka kwenye klachi hata sekunde moja. Ukivuta klachi, hata injini ikipiga kelele, gurudumu halina nguvu. Na mguu wa kulia ukae juu ya breki ya nyuma unapojifunza kuinua: ukihisi unapinduka, bonyeza, mbele inashuka.

#15 MamaPacha

Samahani kuwakatiza. Nina pacha wa miaka 6, wanataka nao. Kuna za watoto?

#16 Gogo la Mninga

Zipo, dada, na ni za umeme. Oset ni jina la Uingereza linalojulikana zaidi, na namba zake ni ukubwa wa magurudumu kwa inchi: 12.5, 16, 20 na 24. Kwa miaka 6 angalia 16, mtoto akikaa nyayo zote mbili zikanyage chini. Faida yake kubwa ni vitufe vya kupunguza mwendo na makali ya akseleta. Anza na kila kitu chini kabisa. Ya mtumba, uliza habari za betri kabla ya kitu kingine: ikae kwenye chaji usiku kucha, kisha mtoto aendeshe muda mrefu mbele yako.

Nunua moja tu, wabadilishane. Mmoja anaendesha, mwingine anahesabu pointi za mwenzake. Watoto wanajifunza sheria za trialsi hivyo upesi kuliko kwa kuambiwa.

#17 Mtu_wa_Leeds

Nimeelewa. Sasa nikaendeshee wapi? Nyuma ya nyumba kuna msitu wa halmashauri.

#18 Gogo la Mninga

Usithubutu. Uingereza, kuendesha chombo cha moto nje ya barabara bila ruhusa ya mwenye ardhi ni kosa chini ya Road Traffic Act ya 1988, na polisi wana uwezo wa kuichukua pikipiki. Unahitaji shamba binafsi lenye ruhusa, viwanja vya mazoezi vya kulipia, au siku za klabu. Yorkshire mlipo mmebarikiwa, vilabu vimejaa. Vingi viko chini ya ACU, chama kinachosimamia michezo ya pikipiki Uingereza. Ingia kwenye tovuti yao, tafuta klabu iliyo karibu nawe, uone masharti ya uanachama na usajili.

Nenda mara ya kwanza bila pikipiki. Jitolee kuwa mwamuzi wa kipande kimoja, wanakosekana siku zote. Utasimama mahali pamoja saa tatu au nne ukiona watu wengi wakipita jiwe lilelile, na utajua kwa nini mmoja amepata 0 na mwenzake 5.

Siku yako ikifika jiandikishe njia rahisi kuliko zote. Kila kipande kina njia za ngazi tofauti na alama za rangi zake. Uliza mapema sheria ya siku hiyo: kuna mashindano yanayoruhusu kusimama ukabalansi, na kuna ambayo ukisimama tu umekula 5. Tembea kwa miguu kila kipande kabla ya kuingia, na utembee mpaka mwisho. Wageni wanaangalia jiwe kubwa la mwanzo, wakilivuka wanakuta kona ya matope ambayo hawakuiona. Angalia pia mstari wa tairi la nyuma, linakata kona kwa ndani kuliko la mbele.

Ukiona hutakiweza kipande, tumia pointi kwa akili. Mguu mmoja uliouweka mapema, mahali pazuri, ni 1. Ukingoja mpaka uanguke ni 5.

#19 Mtu_wa_Leeds

Shukrani wakuu wote. La mwisho: viatu. Nina buti za motokrosi za bure kutoka kwa shemeji.

#20 BiSpana

Soli ya motokrosi ni ngumu na kifundo hakikunjiki, hutahisi kikanyagio. Buti za trialsi zina soli laini na kifundo kinacheza. Kwa mwezi wa uwanja tambarare za shemeji zitakufaa, weka akiba taratibu. Helmeti ya motokrosi nayo ni nzito na ina joto kwa mtu anayekwenda mwendo wa kutembea. Ya trialsi ni nyepesi, uso wazi. Glovu chukua nyembamba, na kinga ya magoti ivae ndani ya suruali kuanzia siku ya kwanza, hata kwenye zile balansi za jikoni, maana kikanyagio kina meno na mfupa wa mguu unakijua kilipo.